Kutu inatoka, lakini vumbi linaenda wapi? Mambo ya kujua kabla ya kupiga mchanga vyuma vya koperativi



Karibu kila koperativi iko na chuma kinacholiwa na kutu. Kwa wengine ni fremu ya mashini ya kusaga muhogo, kwa wengine ni trela, tangi la maji ao mlango wa depo. Mvua ya Bunia haipumziki sana. Ukitoa zile wiki za ukame kati ya Desemba na Februari, chuma kisichokuwa na rangi hakikai siku nyingi kabla ya kuanza kugeuka chekundu.

Ukipeleka chuma hicho kwa fundi, hapa kartie Lumumba ao mahali pengine, anaweza kukutajia njia tatu. Ya kwanza ni kusugua kwa brashi ya waya. Ya pili ni kupitisha mashini ya diski. Ya tatu ni kupiga mchanga kwa nguvu ya hewa, kazi ambayo mafundi wanaoongea Kifaransa wanaita sablaji. Hii ya tatu ndiyo inayovutia watu, juu inafanya kwa saa moja kazi ambayo brashi ingefanya siku nzima, na chuma kinatoka kama kipya.

Kutu inatoka kweli, hiyo hatubishi. Lakini kama mchanga unaotumiwa ni ule wa mto, ule wa kujengea nyumba, kazi hiyo inaweza kuharibu mapafu ya kijana anayeshika bomba, na mapafu hayo hayana vipuri vya kununua. Ndiyo sababu tunataka kila kamati isome makala hii kabla ya kutoa makuta kwenye kasha.

Sablaji ni kitu gani?

Mmarekani Benjamin Chew Tilghman ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi wa kazi hii katika mwaka wa 1870. Wazo lenyewe ni jepesi. Kompresa inakamua hewa. Hewa hiyo inapita katika bomba nene la mpira na kubeba punje ngumu kutoka ndani ya chungu cha chuma. Mwisho wa bomba kuna mdomo mwembamba. Punje zinatoka hapo kwa mbio kubwa na kugonga chuma. Kila punje inang'oa kipande kidogo cha kutu ao cha rangi ya zamani, na kwa sababu ni maelfu kwa maelfu, uso wote unasafishwa.

Faida ya pili haionekani vizuri kwa macho. Punje zinaacha uso wa chuma ukiwa na mikwaruzo midogo sana, na rangi inapata mahali pa kushika. Ndiyo maana rangi iliyopakwa juu ya chuma kilichopigwa vizuri inadumu kuliko ile iliyopakwa juu ya kutu iliyofutwa kidogo. Mwanachama aliyewahi kuona rangi inabanduka kama ganda la ndizi kisha miezi michache anajua tunasema nini: mara nyingi kosa haliko katika kopo la rangi, liko chini yake.

Lakini uso ule uliosafishwa uko uchi. Unyevu wa usiku mmoja unatosha kuurudishia kutu. Rangi ya kwanza, ile ya kuzuia kutu, inapaswa kupakwa siku ileile, ndani ya saa chache, chuma kikiwa kikavu. Kama wingu limefunga ao umande umeanza kushika chuma, ngojeni siku nyingine. Fundi anayesema atapiga mchanga leo na kupaka rangi wiki ijayo anawauzia kazi nusu.

Vyuma gani vinahitaji kazi hii, na vipi havihitaji?

Hapa koperativi nyingi zinaweza kupoteza makuta bure. Tutazame kimoja kimoja.

Trela, fremu ya mashini na nguzo za chuma nene. Hivi vinavumilia sablaji. Kama kutu imekula sana na mnataka chuma kidumu miaka mingi, kazi inaweza kuwa na maana.

Mabati na silo za bati jeupe. Msipige mchanga hata kidogo. Bati jeupe limefunikwa na zinki, na zinki hiyo ndiyo inayolinda chuma. Katika mabati mazuri unene wake ni kama mikroni 20 tu kila upande, na unywele wa mtu unaweza kuwa mara tatu ya hapo. Punje zitaondoa zinki yote, na bati litaoza haraka kuliko kama mngeliacha. Bati chafu linaoshwa kwa maji, sabuni na brashi laini.

Mashini ya kumenya kahawa. Ngoma yake mara nyingi imevikwa shaba yenye vijino. Vijino hivyo ndivyo vinavyotoa ganda bila kuumiza mbegu. Mchanga utavila, na kahawa itatoka imekatika. Osheni kwa maji kila siku ya kazi na brashi ya kawaida, inatosha.

Mashini ya kusaga. Fremu ya inje inaweza kusafishwa. Lakini kwanza toeni rulema, zile zenye gololi ndani, na mfunike vizuri ekseli. Punje chache zikiingia humo, rulema mpya itakufa mbele ya wakati. Na sehemu ya ndani inayogusa unga haipakwi rangi ya kawaida hata kidogo, juu vipande vyake vitaishia katika fufu ya watoto. Safisheni kwa brashi, futeni, kisha pakeni mafuta kidogo ya kula wakati mashini haifanyi kazi.

Mapipa ya lita 200. Pipa lililobeba dawa ya kuua wadudu haliwezi kuwa pipa la chakula ao la maji ya kunywa, hata likipigwa mchanga mpaka ling'ae. Na pipa lililobeba esansi ao mazutu lisipigwe, lisikatwe na lisichomelewe likiwa na mvuke ndani. Cheche moja inaweza kulipasua kama bomu.

Mashini yenyewe: mahesabu kabla ya kununua

Wanachama wanaweza kusema, "Tununue mashini yetu, tufanyie na wengine kazi, koperativi ipate faida." Wazo si baya, lakini tufanye hesabu kwanza.

Kinachokula makuta zaidi ni hewa. Mdomo mdogo wenye tundu la milimita 5, ukifanya kazi kwa mgandamizo wa bara 7, unakula karibu lita 1,300 za hewa kila dakika. Ukichukua mdomo wa milimita 6 na kidogo, unahitaji zaidi ya lita 2,200. Sasa tazameni ile kompresa ndogo ya kutia hewa katika tairi za pikipiki. Ya nguvu za farasi 2 inatoa kama lita 150 ao 200 kwa dakika. Ukiiunganisha na mdomo ule, itapuliza sekunde chache halafu itabaki kupumua. Kwa mdomo mdogo kabisa mnahitaji kompresa yenye injini ya nguvu za farasi 10 hadi 12, na hiyo injini inakunywa mazutu ao esansi mda wote wa kazi.

Kisha kuna punje zenyewe. Mdomo uleule wa milimita 5 unakula karibu kilo 120 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mifuko miwili ya kilo 50. Kwa siku ya saa sita inakaribia kilo 720. Mchanga wa mto ukigonga chuma unavunjika, na nusu ya kwanza ya hatari inazaliwa hapo, kama tutakavyoona.

Na kuna chungu. Kifuniko cha chungu chenye upana wa sentimita 30, kikiwa chini ya bara 7, kinasukumwa kwa nguvu sawa na mzigo wa tani 5. Kwa hiyo msikubali chungu kilichotengenezwa kwa chupa ya zamani ya gazi, hata kama fundi ni mtoto wa kwetu na amechomelea vizuri. Chungu cha kweli kiko na alama ya mtengenezaji inayoonyesha mgandamizo wake, na vali ya usalama inayofunguka yenyewe hewa ikizidi.

Kwa koperativi iliyo na trela moja na mashini mbili, hesabu hii haitoki. Ni afazali kulipa kazi mara moja kila miaka kadhaa, ao kufanya kwa mikono.

Kwa nini mchanga wa mto unaua

Mchanga mwingi wa mito yetu una mawe meupe magumu yanayoitwa kwatzi, na ndani ya kwatzi kuna silika. Mchanga ukilala chini hauna neno. Watoto wanauchezea, sisi tunajengea nyumba. Shida inaanza unapovunjwa kwa nguvu. Kila punje inapogonga chuma inapasuka na kutoa vumbi jembamba sana ambalo jicho halilioni. Lile vumbi unaloliona likitua juu ya majani ni la punje kubwa. Lile linaloua linabaki hewani kwa saa nyingi, na mtu akilivuta linapita puani, linapita kooni, linafika mwisho kabisa wa mapafu.

Huko mwili hauwezi kulitoa. Mapafu yanajaribu kulifunga kwa makovu, na makovu yanaongezeka hata kama mtu ameacha kazi. Pole pole mapafu yanakuwa magumu kama ngozi iliyokauka juani. Ugonjwa huu unaitwa silikosi. Hakuna dawa inayouponyesha. Mtu mwenye silikosi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, na tangu 1997 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa limeweka vumbi la silika katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu.

Hili si jambo geni kwa Ituri. Wale wanaotwanga na kusaga mawe ya dhahabu upande wa Mongbwalu wanavuta vumbi la jiwe lilelile la kwatzi. Tofauti ni kwamba katika sablaji vumbi linatoka kwa wingi zaidi na kwa mbio zaidi. Mchimbaji anaweza kukaa miaka kumi ao ishirini mbele ya kuugua. Mpiga mchanga asiyejikinga anaweza kuugua kisha miaka michache, wengine hata mbele ya hapo.

Tuchukue mfano wa Uturuki. Huko viwanda vidogo vilitumia mchanga kupiga nguo za jinzi ili zionekane zimechakaa, juu ndiyo mtindo uliotakiwa sokoni. Vijana walifanya kazi katika vyumba vilivyofungwa, wengi wakiwa na kitambaa tu mdomoni. Waganga wakaanza kupokea vijana wenye mapafu ya wazee. Wengine wakafa. Katika mwaka wa 2009 serikali ya Uturuki ikakataza kazi hiyo. Uingereza ilikuwa imekwisha kukataza mchanga wenye silika katika sablaji tangu 1949. Yaani hatari hii inajulikana toka mbele ya wengi wetu kuzaliwa.

Kitambaa puani hakizuii vumbi hili. Maski ya karatasi, ile tuliyozoea wakati wa Korona, pia haitoshi. Kumwaga maji kunapunguza vumbi lakini hakulimalizi. Na kunywa maziwa kisha kazi, kama watu wengine wanavyoamini, hakusafishi mapafu: maziwa yanakwenda tumboni.

Kuna sumu ya pili. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani, ile madini ya sumu. Ukiipiga rangi hiyo mchanga, risasi inakuwa vumbi na kutua katika parsela, juu ya muhogo ulioanikwa, katika maji ya kuku. Watoto wadogo ndio wanaoumizwa zaidi, juu risasi inaharibu ubongo unaokua.

Kama mchanga hapana, basi nini?

Ziko punje nyingine zinazofanya kazi ileile bila silika nyingi. Kuna ganeti, jiwe jekundu gumu linalouzwa katika mifuko. Kuna punje za chuma, zinazoweza kuokotwa na kutumiwa tena mara nyingi kama kazi inafanyika ndani ya chumba maalum. Kuna mabaki ya viwanda vya kuyeyushia shaba, yaliyovunjwa na kuchujwa. Kanuni nzuri ya kushika ni hii: punje zisiwe na silika zaidi ya sehemu 1 kwa 100, na karatasi ya mfuko ionyeshe hivyo. Zina bei kuliko mchanga wa mto. Bei hiyo ndiyo bei ya kweli ya kazi. Ile ya chini inalipwa na mapafu ya mtu mwingine.

Hata magunzi ya mahindi yaliyosagwa yanatumiwa katika nchi nyingine kutoa uchafu na mafuta juu ya vyuma laini. Lakini hayatoi kutu nene, na vumbi lake linaweza kushika moto, kwa hiyo msiyafanyie majaribio katika depo.

Na hata punje nzuri hazifuti haja ya kujikinga, juu kutu na rangi ya zamani vinabaki kuwa vumbi. Anayeshika bomba anapaswa kuvaa kofia nzima inayoletewa hewa safi kwa mrija, glavu na nguo za ngozi, na vizibo vya masikio. Hewa ya mrija ipite katika chujio, na kompresa ikae mbali na upande ambao moshi wa injini unaelekea, juu moshi huo ukiingia katika kofia unaweza kumwua mtu bila harufu. Karibu na mdomo wa bomba kuwe na mkono wa kubana, ambao fundi akiuachilia hewa inakatika yenyewe. Bila huo, bomba likimponyoka litapigapiga kama nyoka na kuchana nyama ya yeyote aliye karibu.

Njia ya mikono, kwa kazi nyingi za koperativi

Kwa fremu, milango na trela zenye kutu ya kawaida, timu ya watu watatu inaweza kufanya hivi:

1. Osheni chuma kwa maji na sabuni. Mafuta yakibaki, rangi haitashika.
2. Lowesheni rangi ya zamani kabla ya kuikwangua, ili vumbi lisiruke. Kwangueni juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu.
3. Sugueni kutu kwa brashi ya waya, kisha msasa, mpaka iliyobaki iwe imeshika kabisa na chuma. Vaeni miwani.
4. Futeni kwa kitambaa chenye unyevu, mwache chuma kikauke juani.
5. Pakeni rangi ya kuzuia kutu siku ileile. Pembe na mahali palipochomelewa pakeni mara mbili, juu kutu inaanzia hapo.
6. Kesho yake pakeni rangi ya juu, na tena mara ya pili ikikauka.
7. Kusanyeni mabaki yote katika mfuko, mfunge. Msiyatupe shambani, mtoni ao mahali kuku wanapochakura.

Rangi hii haitadumu kama ile ya sablaji. Lakini kila mwaka, mwanzoni mwa ukame, mkitazama na kugusa pale palipofunguka, trela yenu itawafikisha mbali.

Maswali ya kuuliza mbele ya kutia sahihi

Kama kamati imeamua kulipa sablaji, mwenyekiti na mweka hazina waende wenyewe kwenye atelye, waulize:

Mnatumia punje gani, na mfuko wake uko wapi tuusome? Nani atashika bomba, na kofia yake ya hewa iko wapi? Chungu kina alama na vali? Kazi itafanyika wapi, na nyumba, shule ao soko la karibu liko umbali gani? Mabaki yatapelekwa wapi? Rangi ya kwanza itapakwa saa ngapi kisha kupiga?

Fundi mwema hatakasirika. Akicheka ao akisema "sisi tumezoea", chukueni chuma chenu mrudi nyumbani. Wenye kuishi jirani na kazi ya vumbi nao wana haki ya kumwita shefu wa kartie ili kazi isogezwe.

Kwa aliyekwisha kufanya kazi hii

Kuna mwanachama anayesoma hapa ambaye mtoto wake, ao yeye mwenyewe, amepiga mchanga ao ametwanga mawe ya dhahabu. Kama kuna kikohozi kikavu kisichoisha, pumzi inakatika kwenye kilima kilichokuwa chepesi, ao mwili unakonda, nendeni kwenye kituo cha afya. Na mkifika huko semeni wazi: "Nilifanya kazi ya vumbi la mawe, kwa mda fulani." Bila neno hilo, muuguzi anaweza kufikiri ni kikohozi cha kawaida, ao akatafuta kifua kikuu peke yake. Mara nyingine yote mawili yako pamoja. Kifua kikuu kinapona kwa dawa, kwa hiyo msichelewe. Silikosi haiponi, lakini anayeondoka mapema katika vumbi anajiwekea pumzi ya miaka mingi.

Tunaomba kila koperativi isome makala hii kwa sauti katika mkutano ujao, na waalikwe pia vijana wa atelye. Wao ndio wanaoshika bomba, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwaambia.